Waliotakiwa Kupona

Panya wote wa kizimba cha kushoto walikuwa wamekufa, na hao ndio waliotakiwa kupona.

"Pole, dada," alisema mzee wa kulisha panya. "Au hawa hawakupewa taarifa?"

Mtafiti hakuwa na nguvu ya kucheka. Kabla ya kuwadunga panya hao bakteria wa ugonjwa, alikuwa amewanyang'anya bakteria hao kimeng'enya kimoja, mkasi wao wa kukata ujumbe unaowaambia wagandamane na kutulia. Bila mkasi, ujumbe hujaa tele, na bakteria hushikana wasiwe na mbio za kushambulia mwili. Hiyo ndiyo ingekuwa chanjo yake.

Aliuinua kwenye mwanga mrija wa bakteria aliochotea sindano za panya. Chini kulikuwa na ute mzito, umeng'ang'ania kioo kama makamasi. Juu ya ute, maji yalikuwa na ukungu mwepesi.

Waliotulia walikuwa kule chini. Ukungu ule ulikuwa wa wale wachache waliojirudishia mkasi, wakaanza kuogelea. Siku ya sindano alikuwa hoi bin taabani. Hakuutikisa mrija, akachota maji ya juu tu.

"Si utikise tu, urudie?" mzee aliuliza. "Kuteleza si kuanguka."

"Baba, wakiweza kujirudishia mkasi ndani ya mrija, watajirudishia ndani ya mtoto aliyechanjwa."

Mzee akafungua mfuko wa taka.

Ilikwenda kazi ya miaka sita. Ilikwenda arusi ya mdogo wake, ambayo hakuhudhuria. Na walikwenda panya, ambao hawakuwa na neno na mtu.