Mvumo wa Kitanda Kitupu

"Mtoe mgonjwa kwanza, dada," fundi wa mashine alimwambia mtaalamu wa MRI kwenye simu. "Kipimo hiki kinataka kitanda kitupu."

"Ni kitupu, kaka."

"Acha utani. Namba zako naziona hapa kwangu."

Mtaalamu akazitazama upya. Kila asubuhi, kabla ya kuingiza mtu, alipima mvumo wa koili nane zinazopokea ishara ndani ya mashine hiyo ya kupiga picha za mwili. Pasipo mtu, kila koili huvuma kivyake. Mwili ukilala katikati, koili jirani huanza kusikia mvumo mmoja, na jedwali kwenye skrini huwaka rangi.

Leo lilikuwa limewaka kutoka kichwani hadi kifuani.

"Badilisha waya," fundi alisema. Sasa hakuwa akicheka.

Akabadilisha, akapima tena. Rangi zilikuwa palepale, ila zimesogea kidogo kushoto, kama mtu aliyejigeuza ubavu.

Nyuma yake mlango ulifunguliwa. Mama yake mzazi, wa kwanza kupimwa siku hiyo, alikuwa tayari ndani ya gauni la hospitali.

"Mwanangu, niingie?"

Kabla hajajibiwa, mama alichungulia kitanda kupitia kioo. Akainamisha macho haraka, kwa heshima.

"Nisamehe. Kumbe bado una mtu," alinong'ona, akatoka na kuufunga mlango polepole.

Binti alikata simu. Akavuta kipaza sauti cha kuzungumza na aliye kitandani, akabonyeza kitufe.

"Pole," alisema. "Unaumwa wapi?"