Ramlo Anaungoja Mto

Ramlo alikiburuta kitanda chake hadi barabarani, akamwita muuza mkaa akichukue bure.

"Na wewe utalala wapi?" muuza mkaa alishangaa.

"Kwenye mkeka. Mto ukija, nani atanibebea kitanda?"

Ulikuwa mwezi wa Novemba, na mtaa wao wa Garissa uko karibu kabisa na Mto Tana. Kabati lilishaondoka, viti pia. Chumbani mlibaki mkeka, birika la udhu, sufuria moja na begi lililofungwa, limeegemezwa mlangoni. Kitambulisho na dawa za presha zilikuwa ndani ya begi, zimezungushiwa nailoni. Ramlo alikuwa ameuzoeza hata mwili wake: ndoo moja ya maji kwa siku, mlo mmoja, na chai bila maziwa.

Fowsiya, binti wa kamati ya maafa ya mtaa aliyezoea kumwita Eedo, yaani shangazi, kwa heshima, alikuja kukagua nyumba, akasimama katikati ya chumba akitikisa kichwa.

"Wallahi, Eedo, hakuna aliyejiandaa kama wewe. Natamani shangazi zangu wote wangekuwa hivi. Nitawaleta majirani waone."

"Walete," Ramlo alisema haraka. "Walete hata leo."

Alichemsha chai, akasubiri hadi ikapoa. Hakuja mtu. Mumewe alifariki zamani, na bintiye Idil, aliyeolewa Mandera, hupiga simu Idi kwa Idi.

Wiki iliyofuata Fowsiya alimkuta ameketi nje, uso kaelekeza mtoni.

"Maji yamepanda?" Ramlo aliuliza kabla ya salamu.

"Kidogo tu. Eedo, najua mafuriko yaliyopita yalikutesa. Miezi minne kambini, watu saba hema moja!"

"Saba," Ramlo alisema. "Amran akikoroma, hakuna anayelala. Barwaqo akitusuka nywele, mmoja mmoja. Sinia lilikuwa moja."

"Pole sana. Wako wapi sasa?"

"Amran alirudi Sangailu. Wengine sijui. Maji yalikauka, kila mtu akaenda kwao."

Fowsiya alimshika mkono.

Ijumaa onyo lilifika kwenye simu: mto unapanda kwa kasi, watu wakae tayari kuhama. Baada ya Alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika uani kwa jirani yao Faduma kuomba dua. Wengine walishaanza kulia. Mmoja alikuwa na mtoto wa siku tisa mapajani.

Fowsiya aliona machozi yakimtiririka Ramlo mashavuni, akasogea karibu.

"Usiogope, Eedo. Mungu atayazuia maji."

Ramlo aliitikia kwa kichwa. Akainua mikono yake juu kuliko wote, akafumba macho, akanong'ona asisikike na yeyote:

"Ya Rabbi, yaache yaje."