Makofi ya Madame

Wageni wa klabu ya wazungu pale Mubi walisimama wakipiga makofi, wakidhani wanampigia Madame, mpiga piano aliyetoka Ulaya.

Nyuma ya pazia, Madame mwenyewe, mgonjwa wa homa siku ya tatu, alikuwa anapakwa poda ili atoke kuwainamia wageni. Aliyepiga, pazia likiwa limefungwa, ni Nzabandora, mtumishi wa klabu. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya piano, jasho likidondokea vibao vyeupe.

"Umepiga muzuri, boyi," mkurugenzi wa klabu alinong'ona. "Sasa pitia mulango ya jikoni."

"Na makofi, Bwana?"

"Makofi iko ya Madame."

Alikuwa amefanya mazoezi ya piano kwa mapadri miaka kumi na miwili. Nzabandora alisimama.

"Basi, Madame akuye akamate makofi yake mbele yangu."

Akashika kamba ya pazia kwa mikono miwili, akavuta ili wageni wamwone.