Telegramu ya Maneno Kumi

"Futa 'mgonjwa'," Zilpah alisema, akiirudisha fomu kupitia tundu la kioo. "Mgonjwa haipiti."

Navalayo aliitazama fomu, kisha akamtazama yule msichana wa posta. "Basi andika nimekufa."

"Kufa ndiyo mbaya kabisa, mama."

Foleni ilicheka. Navalayo hakucheka. Alikuwa ametoka Webuye alfajiri bila chai, na alitaka kitu kimoja tu: mwanawe wa pekee, Barnaba, awe nyumbani Jumamosi. Siku hiyo wakwe wangeleta ng'ombe wa mahari ya Maurine, dadake Barnaba. Baba yao alikuwa kaburini na hakuacha ndugu. Wakwe wakikosa mwanamume wa boma wa kuwapokea, wangegeuza ng'ombe langoni, na Maurine abaki akitazama vumbi.

"Si umwambie tu kuna sherehe?" Zilpah aliuliza.

"Tangu apate kazi kubwa, ukimwambia sherehe anatumanga kreti ya soda. Ukimwambia kifo anakujanga mwenyewe."

Zilpah aligonga karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Amri ya serikali: hakuna telegramu ya kutia watu hofu. Ugonjwa, kifo, moto, vita, na neno "haraka", vyote marufuku. Tena isizidi maneno kumi.

"Juzi ilikuja moja inasema 'Tunakuja kesho, tuko wengi'," Zilpah alieleza. "Watu wakahama na magodoro kichwani. Kumbe ni kwaya ya kanisa kutoka Kisumu. Sasa bwana mkubwa wa ofisi ile ng'ambo anasoma kila telegramu yeye mwenyewe kabla haijaenda."

"Kila moja?"

"Hata za kuku."

Navalayo aliisogelea karatasi. "Na huyu bwana mkubwa alilelewa na nani?"

"Na mama kama wewe, mama."

"Basi alimlea vibaya."

Mzee mmoja aliyevaa gambuti alichoka kungoja. "Mama, andika 'Mimi ni mzima kabisa, usije.' Ataogopa, atakuja mbio!"

"Huyu wangu? Ataamini. Atashukuru Mungu aendelee kula."

Navalayo aliomba fomu mpya. Akaegemea kaunta, akaandika polepole huku ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akahesabu kwa vidole, kisha akaisukuma ndani. Zilpah akasoma kwa sauti:

"WAKWE JUMAMOSI. USIPOKUJA NITAKAA KITI CHA BABAKO NA KOFIA YAKO."

Mzee wa gambuti alishika kiuno. "Mwanamke akae kiti cha mahari? Na kofia ya mwanamume? Wee mama, huyo kijana ataonekana wapi tena?"

"Ndiyo ajiulize."

Zilpah alipitisha kalamu kwenye amri mstari kwa mstari, akitafuta kosa.

"Kiti kimekatazwa?" Navalayo aliuliza.

"La."

"Kofia?"

"La, mama. Hata wakwe hawajakatazwa."

"Wangekatazwa, mzee wangu angefurahi hata kaburini."

Hapo hata Zilpah alicheka. Alihesabu maneno, yakawa kumi kamili. Akapiga muhuri, akachukua kalamu ya kujazia anwani.

"Haya. Mwanao yuko wapi, Nairobi ama Mombasa?"

Navalayo alikuwa tayari anajifunga leso upya kiunoni, macho yake yakiwa dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye ofisi yenye bendera na askari mlangoni.

"Anwani ya nini? Wale askari wamenifukuza asubuhi yote, lakini hawafukuzi telegramu. Barnaba akishaisoma, imefika."