Shikamoo, Bibi Nungu

Kwa miaka ishirini na miwili Zawena alijikunja chini ya meza ya studio ya televisheni, mkono wake ukiwa ndani ya Bibi Nungu, kikaragosi wa nungunungu aliyependwa na watoto wa mji mzima. Asubuhi hiyo mkurugenzi mpya alikuja kuamua kama kipindi kifutwe. Alisimama mbele ya meza, akakohoa, kisha akavua kofia.

"Shikamoo, Bibi Nungu."

Zawena alisahau hata maumivu ya magoti.

"Marahaba, mwanangu," alijibu kwa sauti ya Bibi. "Irabu bado unazikumbuka?"

"A, e, i..." mkurugenzi akaanza, na wapiga picha wakaitikia pamoja naye.

Zawena aliinua mkono juu zaidi, na miiba ya vijiti vya ufagio ikatikisika kwenye mwanga wa taa.