Kidole cha Kauboi Mgeni

"Wewe!" alisema yule kauboi mzee, kidole kimenyooka kuelekea banda zima. "Wewe uliyehamisha jiwe la mpaka la mjane. Unadhani Mungu amelala?"

Banda umiza la Kibwana, kibanda cha kuonyeshea video pale Bigwa, lililipuka kwa miluzi na vicheko. Hamza hakucheka. Soda ilikuwa imempalia.

Maneno hayakuwa ya kauboi, yalikuwa ya Kibwana. Kiingereza hajui, wala hafichi. Midomo ya wazungu ikichezacheza, yeye ameshika maikrofoni anajaza anachotaka: leo bei ya sukari, kesho mume wa fulani kaonekana Mzumbe na nani. Watu walijaa kwa ajili hiyo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani, hauna hata rangi, farasi na vumbi tu, na kila sehemu ilileta sura moja ngeni: inaingia, inafanya lake, inakufa au inaondoka.

Mgeni wa Jumapili ile hakufyatua hata risasi moja. Alikuwa mzee mwembamba, mashavu yamebonyea. Alivua kofia taratibu, akaitazama kamera bila kupepesa, akanyoosha kidole. Basi. Jamaa aliijua kazi yake. Kila aliyekaa pale alijiona ananyooshewa yeye.

Ila aliyehamisha jiwe alikuwa mmoja.

Shamba Hamza aliachiwa na mjomba wake, Mzee Mosi, huko juu mlimani, likipakana na la Bi Cecilia. Masika iliyopita alilisogeza jiwe la mpaka akajipatia matuta manne ya kabichi, yale ya karibu na kijito, yasiyokauka hata kiangazi. Alikuwa peke yake na ukungu. Sasa nani kamwambia Kibwana?

Alianza na mkewe.

"Nasra, umeongea na nani?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu... basi."

"Ehe! Kumbe kuna la kuongea?" Nasra aliweka mwiko chini. "Kaa hapo, baba, nieleze vizuri."

Usiku ule jambo likawa linajulikana na watu wawili.

Kesho yake alimtazama Baraka, aliyewahi kumwazima mtaimbo. Baraka alimsalimia kwa furaha. Furaha ya nini? Kinyozi naye aliacha kuongea alipoingia, mtu ambaye haachi kuongea hata akikata sikio. Na uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa ulikuwa mlangoni, jina la Hamza limeshapita kugombea. Mwizi wa shamba la mjane hapewi mhuri.

Akaenda bandani.

"Nani kakuambia yale maneno?"

"Kaka, yule ni kauboi," Kibwana alisema. "Muulize mwenyewe."

Akaiwasha ile sehemu bila sauti. Mzee akavua kofia. Kidole kikaja. Kimya kimya vile ilikuwa mbaya zaidi.

"Zima," Hamza alisema.

"Kwani jiwe linakuhusu nini wewe? Jumapili narudia, watu wameomba. Safari hii naona kama anataka kutaja jina."

Hamza aliondoka bila kuaga. Kitu kimoja kilimchanganya kuliko vyote. Kama Bi Cecilia alijua, mbona hakwenda baraza la kata? Mbona hakumtukana hata siku moja? Akikutana naye njiani, kapu la figili kichwani, ni kicheko tu: "Habari za shamba, mwanangu?" Mama wa watu, kila siku kanisani. Wema ule ulimchoma kuliko kidole.

Jumamosi mchana alipanda mlima na mtaimbo begani, Nasra nyuma yake kuhakikisha haishii njiani. Baraka na majirani wengine wakafuata, maana Bigwa mtu hapandi mlima na mtaimbo watu wakabaki ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtaimbo wa nini, kuna msiba?"

"Nimekuja kurekebisha. Naona mvua ililisogeza jiwe."

"Kumbe mvua!" Bi Cecilia aliwageukia majirani. "Mvua za siku hizi zina nguvu. Zinapandisha mawe mlimani."

Walicheka mpaka Nasra akajifunika khanga usoni. Hamza akang'oa jiwe, akalibeba mwenyewe, jasho likimtiririka, akalirudisha penye shimo alipolikuta. Kisha akainamisha kichwa.

"Si mvua, mama. Ni mimi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Na kura yangu nakupa."

"Bi mkubwa," Baraka alidakia, "mbona hukwenda baraza? Wangeita wazee wanaoujua mpaka, wakapima kwa kamba, yakaisha."

"Mimi na makesi wapi na wapi? Mjane, Mungu ndiye baraza langu."

Mama mmoja alifuta machozi. Hamza aliteremka mlima akiwa mwepesi, kabichi mbili za zawadi mkononi, majirani wakimpiga mabegani kana kwamba ameshashinda.

Kibwana alitokea nyuma ya migomba walipokwisha kupotea, gunia tupu begani.

"Nilisema atakuja," alisema.

"Chuma kabichi zako kwa adabu, usinikanyagie miche," Bi Cecilia alijibu. "Na hiyo Jumapili weka mchezo mwingine."

Alipobaki peke yake alishindilia udongo kwa kisigino kuzunguka jiwe, akasimama akiyatazama matuta yake manne na kijito kinachopita chini yake.

"Lala salama, Mzee Mosi," alisema. "Mpwa wako kijana mwema. Amenirudishia yote niliyokumegea ulipokuwa umelazwa."