Mlima Chini ya Kitanda

"Kitendawili!" mjukuu wa Bi Nunu alipaza sauti.

"Tega!" wakaitikia wapangaji, wamechuchumaa uani mbele ya nyumba kuukuu ya mwanasesere, ambayo Bi Nunu alipewa na tajiri wake wa Upanga alipohama nchi.

Mtoto alikuwa ameigeuza maonyesho ya picha, kama ya Sabasaba. Kila chumba kilitundikwa picha ndogo kama stempu, na kila picha ilikuwa na kitendawili chake.

"Mlima mweupe chini ya kitanda, wageni hawauoni."

Bi Nunu akachungulia dirisha la juu. Pichani, mwanamke mwenye kanga nyekundu alikuwa kapiga magoti, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya gunia. Hata kipini cha puani kilichorwa.

Sukari ilikuwa imeadimika Kariakoo nzima. Asubuhi ile ile jirani wa chumba cha pili alikuja na kikombe, akiomba ya uji wa mwanawe mgonjwa. "Wallahi, mwanangu, hata chembe sina," Bi Nunu alimwapia.

Sasa jirani naye akainama kutazama. Alikitazama kipini cha pichani, kisha akakitazama cha Bi Nunu.

"Haya, mama, jibu!"

"Kimenishinda," jirani alisema taratibu. "Nakupa mji. Chukua Tabora."

Masikio yalimwaka moto Bi Nunu. Heri angetukanwa.

"Nimekwenda Tabora, nimekula, nimekunywa," mtoto akaanza kwa madaha, kama bibi yake alivyomfundisha, "nimerudi, na jibu lake ni..."

"Sukari," alisema Bi Nunu.